Nina elfu sabini: duka lanionyesha taa, mama ataka laptopu

SWALI

Salamu kwako Mshauri,

Mimi ni kijana wa miaka 19, naishi Kayole na mama na dada zangu wawili. Nimeitwa chuoni kusomea uhandisi wa ujenzi na natakiwa kuripoti Septemba. Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa nikifanya kazi kwenye saiba moja hapa mtaani: kuwatolea watu PIN ya kodi ya KRA, kuwajazia fomu za mkopo wa HELB, kupiga kopi na kuchapisha. Humo nimejiwekea 30,000. Mama naye amekopa 40,000 kwenye chama chake aniongezee, na amenikumbusha zaidi ya mara moja kwamba atakayeulizwa deni hilo ni yeye, si mimi. Kwa hivyo nina 70,000, na hakuna nyingine inayokuja nyuma yake.

Nataka kompyuta moja ya kazi mbili. Ya kwanza ni masomo. Waliotangulia wananiambia kufikia mwaka wa pili tutakuwa tunachora kwa AutoCAD, na baadaye Revit na Civil 3D. Ya pili, sitaficha, ni gemu. Napenda EA FC, GTA V na Valorant. Miaka yote nimecheza kwa kulipia kwenye vibanda vya PlayStation, safari hii nataka niwe na yangu.

Wiki iliyopita nilishuka tauni nikazunguka Luthuli Avenue. Duka moja lilinionyesha kompyuta nzuri sana, kasha lina kioo ubavuni na feni nne zinazobadilisha rangi. Muuzaji alisema prosesa, yaani ubongo wake, ni Core i7, RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 16, kadi ya grafiksi, ile ya picha za gemu, ni ya GB 4, bei 62,000 bila monita. Nilipomuuliza ni i7 gani, akaniambia i7 ni i7, inazishinda i5 zote. Alitaka nimwachie 5,000 anishikie. Sikuacha, lakini tangu siku hiyo naiota.

Binamu yangu anayejua mambo haya anasema nisinunue kitu kilichokwisha kuunganishwa, ninunue vipuri vipya nijiundie mwenyewe: prosesa ya Ryzen 5 5600G, madabodi ya kuipachika, RAM na vinginevyo, kadi niongeze baadaye. Rafiki wa saibani anasema nichukue Dell ya mtumba kutoka Uingereza, ile nyembamba, nitie kadi ndani. Mama hataki kusikia lolote katika hayo. Anasema mwanafunzi ni laptopu, na kwamba kompyuta ya mezani ni kitu cha ofisi ya chifu.

Chumba nilichopata kiko Zimmerman. Stima ni ya tokeni na hupotea ovyo. Nishike la nani? Na kama ni kuunda, nianzie kipuri kipi?

Mhandisi Mtarajiwa, Kayole

JIBU

Mhandisi, kijana wangu,

Hongera kwa kuitwa chuoni, na hongera nyingine kwa kuuliza ni i7 gani. Wengi wa rika lako wangeangalia feni, watoe simu, walipe.

Jina Core i7 peke yake halisemi kitu. Intel imekuwa ikiliuza tangu mwaka 2008, na kinachotenganisha mpya na kuukuu ni namba inayofuata. Ukiona i7-3770, tarakimu ya kwanza kati ya zile nne ndiyo kizazi: hicho ni cha tatu, kilichotoka mwaka 2012. i5-8500 ni kizazi cha nane, cha mwaka 2018. Tarakimu zikiwa tano, kama i5-12400, unasoma mbili za mwanzo, nacho ni kizazi cha kumi na mbili. Kuambiwa i7 bila namba ni sawa na kuuziwa matatu ukielezwa tu kwamba ni Isuzu. Hiyo i7-3770 ina viini vinne vya kazi. I5-8500, ambayo muuzaji wako angeiita ndogo, inavyo sita, na vyenye kasi kuliko vile vinne. Duka lenye kizazi kipya hukitangaza kwa maandishi makubwa mlangoni. Likinyamaza, chukulia ni cha pili au cha tatu.

Kwako wewe kizazi si suala la mbio peke yake. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa upande wa Intel, inataka kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa prosesa chache sana, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Mafundi wa mjini wanajua njia za mkato za kuilazimisha kwenye mashine kuukuu, na itawaka vizuri tu. Halafu utafungua Valorant. Gemu hiyo ikiwa juu ya Windows 11 huikagua TPM, na isipoikuta inakufungia mlango. Kwa hivyo ile ya taa ingekuwa imeshakukosesha gemu moja kati ya tatu ulizonitajia kabla hata hujafika kwenye kadi.

Na kadi yenyewe? GB 4 ni ukubwa wa kumbukumbu yake, si nguvu yake. Kadi inayopachikwa sana kwenye makasha ya namna hiyo ni GT 730, ya mwaka 2014, ambayo kazi yake halisi ni kuipa kompyuta ya ofisi monita ya pili. GTX 1650 nayo ina GB 4, lakini haziketi meza moja. Muuzaji akikupa kumbukumbu bila jina la kadi, amekuuzia mbuzi kwenye gunia. Feni za rangi usizichukie, ni nzuri kuangalia usiku. Ila kila shilingi iliyoingia kwenye kioo na taa ni shilingi iliyotoka kwenye prosesa.

Binamu yako anajua anachosema, na miaka miwili iliyopita ningemuunga mkono bila kusita. Ryzen 5 5600G ni prosesa nzuri: ya mwaka 2021, viini sita, na ina grafiksi ndani yake zenye uwezo wa kuchezesha Valorant bila kadi yoyote. Kilichomharibia hesabu ni RAM. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda vibaya dunia nzima kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu hizo kwenye vituo vya data vya akili mnemba, na SSD, zile diski za kuhifadhia, nazo zimefuata. 5600G ndiyo inayoumia zaidi hapo, maana grafiksi zake hazina kumbukumbu yazo zenyewe. Hukopa RAM ya kompyuta, kwa hivyo inakulazimu ununue vijiti viwili, tena vya kasi. Jumlisha prosesa, madabodi, RAM, SSD, kasha na pawa saplai, uone kama elfu sabini yako itakuwa bado inapumua utakapofika kwa monita. Windows hujanunua.

Halafu najua kitakachotokea, kwa sababu hutokea kila mara. Pesa zikianza kuisha, mtu hupunguza mahali pasipoonekana, nayo ni pawa saplai. Anachukua ile inayokuja bure na kasha, imeandikwa wati 500 ubavuni, ukiinyanyua unahisi haina kitu ndani. Hicho ndicho kipuri pekee ambacho kikifa kinaweza kuondoka na wenzake. Kwa stima ya Zimmerman uliyonieleza, nisingependa uanze hivyo.

Rafiki yako wa saibani ndiye aliye karibu na jibu, ila ameshika umbo baya.

Hizi kompyuta za mtumba zinazotoka kwenye ofisi za Uingereza na Ulaya huja kwa maumbo matatu. Modeli moja, namba moja, prosesa moja, lakini maumbo matatu, na wauzaji hawakuambii usipouliza. Kuna ile ndogo ya kutoshea kiganjani, ambayo hufungwa nyuma ya monita. Hiyo haina nafasi ya kadi ya grafiksi hata kidogo. Kuna ile nyembamba aliyokutajia, ambayo kwenye lebo huandikwa SFF. Hiyo ina nafasi, lakini ni ya kadi za nusu kimo tu, ambazo ni adimu na kwa hivyo ghali, na pawa saplai yake ni ya wati 200 hivi. Na kuna ile ndefu, ya kusimama, ambayo lebo yake husema MT au TWR. Inakula nafasi zaidi mezani na watu wa ofisi wanaikimbia, ndiyo maana mara nyingi bei yake haipishani na ya nyembamba. Hiyo ndiyo yako.

Itafute katika kizazi cha nane au cha tisa, kwenye i5. Majina utakayokutana nayo ni Dell OptiPlex 3060, 5060 au 7060. HP ProDesk 600 G4 au EliteDesk 800 G4. Na Lenovo ThinkCentre M720t au M920t, ambapo hiyo t mwishoni ndiyo inayosema ni ya kusimama. Yoyote kati ya hizo. Usigombanie chapa, gombania hali ya mashine. Zina faida ambayo haiandikwi kwenye tangazo: leseni ya Windows Pro iliwekwa kiwandani na imehifadhiwa kwenye madabodi, kwa hivyo ukifuta diski na kuweka Windows 11 upya, kwa kawaida hujiamilisha yenyewe ukiingia intaneti. Binamu yako angeilipia hiyo, au angeiiba.

Sasa mama. Usimcheke, ana hoja, na nzito. Laptopu inaenda darasani, inaenda kwenye kazi za kundi, na stima ikipotea inaendelea. Kabla hujatoa hata shilingi, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika idara yako umuulize swali moja: je, kuna somo linalokulazimu uje na laptopu yako, au kuna maabara ya kompyuta inayofunguliwa hadi jioni na yenye AutoCAD inayofanya kazi? Akikwambia laptopu ni lazima, mama ameshinda, na mimi nitakuwa upande wake: chukua ThinkPad au Latitude ya mtumba yenye kizazi cha nane kwenda juu, gemu zingoje. Akikwambia maabara ipo, basi kwa elfu sabini kompyuta ya mezani inakupa nguvu ya laptopu mbili. Laptopu ya mtumba yenye kadi ya gemu ndiyo ninayokukataza kabisa. Imeshapikwa na mwenyewe wa kwanza kwa moto wa gemu, betri imechoka, na hakuna siku utaongeza kadi ndani yake. Tena, na hili umwambie mama kwa sauti ya heshima, hakuna mtu atakayeshuka na OptiPlex yako kwenye matatu ya Thika Road saa mbili usiku.

Nikupangie pesa basi. Haya ni makadirio ya kuendea sokoni, bei yenyewe utaipiga mwenyewe. Kwa mashine, yenye i5 ya kizazi cha nane, RAM GB 8 na SSD ya GB 256, tenga 28,000. Monita ya mtumba ya inchi 22 au 24 yenye mistari 1080, tenga 9,000. Kijiti cha pili cha RAM cha GB 8, 7,000. UPS, kile kifaa cha betri kinachoshika stima ikipotea, 7,000. Kibodi, maus na vipokea sauti, 3,000. Kifaa cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB, 1,500, kwa sababu kompyuta za ofisi nyingi zilikuwa zikitumia waya na hazina Wi-Fi ndani. Watu hugundua hilo wakishafika nyumbani. Hapo umetumia 55,500, umebakiwa na 14,500.

Hizo 14,500 rudi nazo nyumbani. Kadi usinunue siku hiyo.

Najua hilo limekuuma, lakini nisikilize. Grafiksi zilizo ndani ya i5-8500 zinaendesha Valorant, na GTA V itakwenda ukishusha mipangilio na ukubwa wa picha. EA FC ndiyo itakayokusumbua. Utakaa muhula wa kwanza namna hiyo, na utakufaa kwa sababu mbili: utajua kama mashine ni nzima kabla hujaipa mzigo, na utaongeza kidogo juu ya 14,500 upate kadi ya maana badala ya ile inayotosha pesa za siku hiyo. Usiguse HELB kwa jambo hili. Naona umeshawaza.

Kadi ikifika wakati wake, sheria ni moja, wati 75. Nafasi ya kadi kwenye madabodi inaweza kutoa umeme hadi wati 75, na pawa saplai za Dell hizi ndefu nyingi ni za wati 260 hivi, bila waya wa ziada wa kulishia kadi kubwa. Wala huwezi kuing'oa ukapachika nyingine yoyote ya Luthuli, kwani plagi inayoingia kwenye madabodi ni ya Dell wenyewe na si ya kawaida. HP nao wana yao. Ndani ya wati 75 kuna GTX 1650 isiyo na tundu la waya ubavuni, ambayo itakuchezea EA FC na GTA V kwa mistari 1080 vizuri kabisa. Kuna pia RTX 3050 ya GB 6, ya wati 70, mpya zaidi na ghali zaidi. Angalia hapo: RTX 3050 ya GB 8 ni kadi nyingine, inataka waya. Utakutana na RX 580 kwa bei ya kuvutia na kila mtu atakwambia ni kali. Ni kali kweli, na inakula wati 185. Ipite.

Kuhusu siku ya kununua, nenda asubuhi, siku ya kazi, na flashi mfukoni yenye CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kupima afya ya diski. Mashine ikiwa imezimwa, mwombe afungue ubavu. Vumbi si dhambi. Unachotafuta ni vile vichupa vidogo vya madabodi vilivyovimba kichwani, au alama ya maji. Aiwashe, na papo hapo bonyeza F2 kama ni Dell, F10 kama ni HP, F1 kama ni Lenovo, uingie kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine. Ikikuuliza nenosiri, simamisha biashara. Ni kompyuta ya ofisi ambayo haikufunguliwa kabla ya kuuzwa, na siku utakapohitaji kubadilisha kitu humo ndani, utakuwa umefungiwa nje ya mali yako. Muuzaji atasema hilo ni jambo dogo, fundi atalitoa. Mwambie alitoe basi, wewe umekaa.

Ikishawaka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager lifunguke, uende sehemu ya Performance. Sehemu ya prosesa itakupa namba nzima, iandike. Sehemu ya RAM itakuonyesha matundu mangapi yametumika kati ya mangapi. Ukikuta moja kati ya manne ina GB 8, vizuri, una nafasi ya kuongeza. RAM yenye vijiti viwili ina kasi kuliko ya kijiti kimoja, hasa unapotumia grafiksi za ndani, ndiyo maana nimekupangia kijiti cha pili. CrystalDiskInfo itakwambia SSD imefanya kazi saa ngapi na afya yake imebaki asilimia ngapi. Jaribu kila tundu la USB kwa flashi yako, ya mbele na ya nyuma. Monita iwekee picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, kisha nyekundu, uone kama kuna vidoa vilivyokufa, na uangalie inapokea waya gani: OptiPlex nyingi hutoa DisplayPort, monita nyingi za mtumba zina VGA, na kibadilishio cha katikati ni pesa ambayo hukuipangia. Omba risiti ya eTIMS, ile ya KRA, yenye namba ya mashine, na dhamana iandikwe juu yake kwa siku au miezi. Dhamana ya mdomo ni salamu tu.

Pesa za kushikilia usimpe mtu, awe wa duka au wa mtandaoni.

Stima sasa. UPS nimeiweka kabla ya kadi, na wengi watanibishia. Chukua ya VA 650 yenye kurekebisha volti. Haitakupa saa za kucheza. Itakupa dakika chache za kuhifadhi mchoro na kuzima kwa utaratibu, na itasimama kati ya mashine na kile kishindo stima inaporudi, ambacho ndicho kiuaji. Unakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipoingia gizani hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Lakini zinazomuumiza mwanafunzi ni zile ndogo za sekunde kumi, saa nne za usiku, kesho asubuhi kazi inatakiwa. AutoCAD hujihifadhia nakala kila baada ya dakika kumi isipobadilishwa. Iweke tano.

Tokeni zisikutishe. Mashine na monita ukichora hazitavuka wati 80 kwa kawaida, kwa hiyo yuniti moja inakupa saa kumi na mbili na zaidi. Ukishatia kadi na ukawa unacheza, hesabu wati 170 hadi 200, yaani yuniti moja kwa saa tano au sita. Kaango la umeme la jirani linakula zaidi.

AutoCAD, Revit na Civil 3D usizichukue kwenye flashi ya mtu. Wewe umefanya kazi saibani, unajua flashi hizo hubeba nini. Autodesk huwapa wanafunzi leseni ya bure ya mwaka mmoja mmoja, unaihuisha ukiwa bado chuoni. Unachohitaji ni uthibitisho wa uanafunzi, kwa kawaida barua pepe ya chuo. Valorant ni ya bure. GTA V na EA FC utazinunua, na M-Pesa GlobalPay inakupa kadi ya Visa ya simuni ya kulipia huko nje; subiri siku za punguzo kwa sababu hushuka sana. Ila GTA V inapita GB 90, kwa hivyo usithubutu kuipakua kwa bando ya simu. Jua kwanza kama ploti yako ya Zimmerman ina Wi-Fi ya pamoja, au ipakue mahali penye faiba na uihamishe kwa diski ya nje. Hapo utaona pia SSD ya GB 256 inavyojaa. Diski ya pili ndiyo ongezeko litakalofuata kadi, si feni.

Umeuliza uanzie kipuri kipi. Anzia kasha na pawa saplai yake, kwa sababu hivyo viwili ndivyo vitakavyoamua kadi gani itaingia na gani itabaki dukani. Kwa mashine niliyokuelekeza umeshavinunua pamoja.

Mwisho ni kuhusu kadi, Januari au utakapoipata. Ukiinunua ya mtumba, iwashwe mbele yako na ufungue GPU-Z, programu ya bure ya kutambua kadi. Kuna kadi za zamani zilizoandikwa upya ndani ili zijiite GTX 1050 Ti au nyingine yenye jina. Programu hiyo huzitambua na kuziwekea neno la kuonya mbele ya jina. Ukiipachika nyumbani, hamisha waya wa monita kutoka kwenye tundu la madabodi uuweke kwenye tundu la kadi, chini yake. Wasiofanya hivyo hupiga simu dukani kulalamika kwamba kadi haifanyi kazi, na muuzaji hucheka nusu saa kabla ya kuwaambia.